Kuvuta intaneti ya waya hadi kila chumba, nyumba za Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wa hapa Mombasa huuliza kila mara wakitaka intaneti ifike vyumba vya ndani, ghorofani ama nyumba ya uani. Msimamo wangu niuseme mapema: chumba kikiwa mbali na rauta, vuta waya mpaka huko, halafu waifai ianzie mwisho wa huo waya. Yaliyobaki humu chini ni vile hio kazi inafanywa ikadumu miaka.

Kwani waifai ya rauta ya sebuleni haitoshi nyumba nzima?

Inategemea kuta zako. Nyumba ya vyumba viwili, kuta nyembamba, rauta imewekwa katikati, mara nyingi inatosha na huna haja ya kujisumbua. Lakini nyumba nyingi za kwetu haziko hivo. Zile za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mmoja unaweza kuwa nusu mita, sasa mawimbi ya waifai yakishapita kuta mbili za namna hio hayana nguvu tena ya kukufaa. Magorofa mapya ya Nyali, Tudor ama Bamburi nayo yana slabu za zege zenye nondo ndani, na nondo ni chuma, kwa hivo aliye ghorofa ya juu anaona waifai iko lakini ukurasa haufunguki. Tena ile waifai ya 5 GHz yenye kasi ndo inazuilika zaidi na kuta, ile ya 2.4 GHz inapenya afadhali lakini imejaa watu, ukiwa kwenye flati fungua simu uhesabu majina ya waifai za majirani, hao wote mnagombania chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Waya haujui habari za jirani.

Nyaya za baharini zinatua hapa hapa Mombasa, mbona chumbani kwangu intaneti inakwama?

Swali zuri na linaulizwa sana. Ni kweli, TEAMS ilitua hapa kutoka Fujairah mwaka 2009, SEACOM ikaanza kazi mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010, na zimeongezeka nyengine baadaye, kabla ya hapo tulikuwa tunategemea satelaiti. Lakini hizo zinaleta intaneti nchini, kisha faiba ya mtaani inaileta mpaka mlangoni kwako. Kutoka mlangoni mpaka kitandani ni shauri yako. Watu wanalipia pakiti kubwa kila mwezi, wanailaumu kampuni, na shida yote iko kwenye mita kumi za mwisho ndani ya nyumba yao wenyewe. Na mimi hilo huniuma kwa kweli, sababu pesa za kupandisha pakiti kwa miezi miwili mitatu mara nyingi zingetosha kununua waya mzuri ukamaliza mambo.

Pima kwanza. Chukua laptopu, ichomeke kwa waya kwenye rauta yenyewe, pima spidi. Halafu nenda chumba chenye shida upime kwa waifai. Kama kwenye rauta unapata ulicholipia na chumbani hupati, basi ni nyumba. Kama hata kwenye rauta hupati, hapo ndo uwapigie kampuni.

Nimenunua ripita ya waifai, imeshika vijiti vyote lakini spidi imeshuka nusu. Ni mbovu?

Si mbovu, ndo zilivyo. Ripita ya bei rahisi inafanya kazi kama mkalimani mmoja kati ya watu wawili, lazima asikilize kwanza amalize halafu ndo aseme, hawezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja kwenye chaneli hio hio. Kwa hivo karibu nusu ya muda inapotea. Na vile vijiti unavoona kwenye simu ni nguvu ya ripita iliyo karibu nawe, havikwambii hio ripita yenyewe inasikia nini kutoka sebuleni. Ukiiweka chumba ambacho waifai tayari imekufa, inarudia upya kitu kibovu.

Ripita nyingi zina tundu la waya. Kama yako inalo, na ina chaguo la kufanya kazi kama akses poindi, yaani kifaa kinachotoa waifai kutoka kwenye waya, usiitupe, ilishe kwa waya na itakufaa vizuri.

Naweza kuirefusha ile faiba yenyewe mpaka chumba chengine?

Usiiguse. Ule uzi mwembamba ni kioo, ukiukunja vibaya unavunjika ndani na nje huoni kitu, na kuuunganisha kunataka mashine maalumu. Kisanduku cha faiba kiache pale pale walipokiweka, wewe anzia kwenye matundu yake ya LAN, yale ya kuchomeka vifaa vya ndani ya nyumba. Ukiwa ndo kwanza unafungiwa, basi waambie mafundi siku hio hio wakiweke katikati ya nyumba badala ya karibu na dirisha walilopitia. Wengi hukubali ukiwaomba kabla hawajaanza, wakishapiga misumari ni maneno mengine.

Ninunue kebo gani, Cat5e, Cat6 ama Cat6a?

Hapa tukae kidogo, sababu ndipo watu wengi wanapopoteza pesa.

Hizo Cat ni daraja za kebo. Cat5e inabeba gigabiti moja kwa sekunde, yaani megabiti 1000, kwa mita 100. Kwa nyumba nyingi inatosha kabisa. Cat6 inabeba hio gigabiti moja mita 100 pia, na kwa umbali mfupi wa kama mita 50 inaweza kufika gigabiti 10. Cat6a ndo ya gigabiti 10 mita 100 zote, lakini ni nene, ngumu kukunja kwenye kona, na bei imechangamka. Mimi ningekwambia chukua Cat6 kama unapitisha ndani ya ukuta ambao hutaki kuufungua tena, na Cat5e nzuri kama bajeti imebana. Yanayoandikwa Cat7 na Cat8 kwenye waya mwembamba wa bei ya chini usiyafuate.

Jambo kubwa zaidi ya hio namba ni shaba. Kuna kebo ambayo ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu juu, kwenye boksi utaona herufi CCA, na nyengine hata hawaandiki. Inauzwa rahisi, inafanya kazi siku za kwanza, halafu inaanza vituko. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, inakatika ukiikunja mara kadhaa, na ikibeba PoE, yaani umeme unaopita kwenye waya ule ule wa intaneti kulisha kamera ama akses poindi, inapata joto. Na hewa yetu ya chumvi haiihurumii alumini, pale kwenye kichwa, kile cha mwisho wa waya cha kuchomeka, inaoza haraka. Kuijua ni rahisi, mwombe mwenye duka akukatie kipande, chukua kisu ukwarue ule uzi wa ndani. Ukiona rangi nyeupe ya fedha chini ya wekundu, hio ni alumini, mrudishie. Shaba tupu ni nyekundu mpaka ndani. Boksi pia hujulikana kwa uzito, boksi kamili ni mita 305 na la shaba ni zito, la alumini unalibeba kwa mkono mmoja huku unaongea na simu.

Mwenye duka akikataa kukukatia hata kipande kidogo, nenda duka la pili.

Kuna mwisho wa urefu wa waya?

Mita 100 kwa kila kipande kutoka kifaa hadi kifaa. Nyumba ya kawaida hufiki huko hata ukizunguka dari yote. Ukizidi, weka swichi katikati, kile kisanduku cha matundu kinachogawa intaneti ya waya, na hesabu inaanza upya.

Nahitaji swichi, ama natumia vile vichwa vya kugawa waya mmoja kuwa mbili?

Swichi. Vile vichwa vya Y vya bei ya chapati havigawi intaneti, vinagawa nyuzi tu. Vile vinavyofanya kazi vinatumika viwili kwa pamoja, kimoja kila mwisho, vinachukua jozi nne za waya na kuzigawa mbili mbili, kwa hivo unapata njia mbili za megabiti 100 na huko mwanzo bado unatumia matundu mawili ya rauta. Ukiweka kimoja tu ukachomeka kompyuta mbili hakuna inayoelewana na mwenzake.

Swichi ndogo ya matundu matano ama manane haina seting yoyote, unachomeka basi. Angalia imeandikwa 10/100/1000, hizo ni megabiti inazofikia, sababu bado zipo nyingi dukani za 10/100. Swichi haikupunguzii spidi ya pakiti yako, mnagawana kile kilichoko kama kawaida. Mpango mzuri ni kila chumba kiwe na waya wake unaorudi kwenye swichi moja karibu na rauta. Kufuatisha chumba kwa chumba, swichi baada ya swichi, kunafanya kazi pia, lakini siku ile ya katikati inazimwa na mtoto ili achaji simu, wote wa mbele wanakatika.

Na angalia usichomeke ncha mbili za waya mmoja kwenye swichi hio hio. Data inaanza kuzunguka bila kikomo na nyumba nzima inaganda, mtu anaweza kutafuta shida siku nzima.

Nina rauta ya zamani kabatini, naweza kuitumia chumba cha pili?

Ndio, na ndo matumizi bora ya hio rauta. Lakini kuna namna yake, ukichomeka tu bila kuitengeneza italeta fujo, manake rauta mbili zote zitakuwa zinagawa anwani na simu zitachanganyikiwa zipokee kutoka kwa nani, dalili yake ni waifai inashika lakini intaneti hakuna, leo chumba hiki kesho chengine.

Fanya hivi. Iwashe ikiwa peke yake, haijaunganishwa na nyengine, ichomeke laptopu kwa waya kwenye tundu la LAN, ingia kwenye ukurasa wake, anwani imebandikwa chini yake pamoja na neno la siri. Ukikuta kuna chaguo la kuifanya akses poindi, chagua hilo, umemaliza, yenyewe itajipanga. Ukilikosa, badilisha anwani yake ya LAN, kama rauta kubwa ni 192.168.1.1 hii ipe 192.168.1.2, lakini hakikisha hio namba haiko kwenye zile ambazo rauta kubwa inazigawa. Kisha zima DHCP, ndo ile kazi ya kugawa anwani. Kisha weka jina la waifai na neno la siri sawa sawa na la rauta kubwa, herufi kwa herufi, ndo simu ihame yenyewe ukitembea kutoka sebuleni kwenda chumbani. Chaneli ndo usifananishe, kama kubwa iko 1 hii iweke 6. Mwisho, waya unaotoka kwa rauta kubwa uchomeke kwenye tundu la LAN, sio lile la WAN, la kupokea intaneti ya nje, lenye rangi tofauti. Hapo kwenye tundu ndipo wengi wanakosea.

Waya upite wapi?

Flati nyingi za miaka ya karibuni zina paipu za simu na televisheni ndani ya ukuta, fungua kile kifuniko cha ukutani kisicho na kazi uangalie kama kuna nafasi. Sukuma waya wa kuvutia, funga kebo, vuta polepole mtu mwengine akisukuma upande wa pili. Na ukishavuta, acha kamba ndani ya paipu, siku moja utataka waya wa pili.

Paipu ya stima usiitumie hata kama ina nafasi. Hii sisemi kwa ajili ya spidi. Ndani mna volti 240, ganda likichubuka wakati wa kuvuta, kebo yako ya intaneti inakuwa na umeme na mwisho wake umeshikwa na mtoto. Hata nje ya ukuta, waya wa intaneti ukienda sambamba na wa stima upe nafasi ya sentimita 20 ama 30, na mahali lazima ipishane ipishane kwa msalaba.

Nyumba za zamani zenye boriti, pitisha pembeni ya boriti juu, ukiwa na tranki, ule mfereji wa plastiki wa kufunika waya, nyembamba ya rangi ya chokaa hata mgeni haoni. Ukuta wa matumbawe unatobolewa taratibu, drili bila kugonga, jiwe lenyewe lina vitundu na ukilipigia nyundo linamwaga unga na plasta yote inakuja nayo. Msumari wa zege hapo haushiki, tumia plagi na skurubu. Na kama uko Mji wa Kale, kumbuka lile ni eneo la hifadhi, kabla hujatoboa ukuta wa mbele ama kupitisha nyaya zionekane barabarani ongea na ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa, yale mabaraza na milango ni mali yetu sote. Pitisha upande wa uani.

Tundu linalotoka nje litoboe likiinamia nje, mvua isifuate waya ikaingia ndani, na kabla waya haujaingia tunduni uache ulegee chini kidogo ili maji yadondokee hapo.

Jua na chumvi zitaniharibia?

Kebo ya ndani, ile ya kijivu ama buluu, ukiipitisha nje juani ganda lake linakauka na kupasuka, maji yanaingia, na shaba inageuka kijani. Nje tumia kebo nyeusi iliyotengenezewa nje. Hata vile vikamba vya plastiki vya kufungia chukua vyeusi, vyeupe vinakatika vyenyewe vikipigwa jua. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, Nyali, Kizingo, Likoni Shelly, usiache kichwa cha waya wazi nje hata chini ya roshani, kiingize ndani ya boksi linalofungika. Matundu ya swichi usiyoyatumia yazibe. Na intaneti ikianza kukatika katika bila sababu baada ya mwaka ama miaka, kabla hujanunua kitu kata kichwa, rudi nyuma sentimita chache mpaka kwenye shaba safi, kaza kichwa kipya.

Rangi za kichwa zinapangwaje?

Kwa mpango wa T568B, ukishika kichwa kile kiulimi kikiwa chini na matundu ya kuingizia waya yakikutazama, kushoto kwenda kulia: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili sawa. Usijipangie rangi zako ukisema bora pande zote zifanane, nyuzi zimesokotwa jozi jozi kwa sababu, ukizitenganisha jozi, kipimo kidogo cha taa kitakuonyesha sawa lakini spidi itakuwa ya ajabu. Msokoto uufungue kidogo tu pale mwisho, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe nalo.

Ishara moja ya kukumbuka: kompyuta ikionyesha imeunganishwa kwa Mbps 100 na vifaa vyote ni vya gigabiti, karibu kila mara kuna uzi mmoja haujashika. Megabiti 100 inatumia jozi mbili tu, gigabiti inataka zote nne, kwa hivo waya wenye kasoro unaendelea kufanya kazi kimya kimya kwa kasi ya chini. Kwenye kipimo utaona kama 94, na ikiwa gigabiti kamili utaona kama 940, kama pakiti yako yenyewe inafika huko. Pakiti ikiwa ya 20 ama 30 hutaona tofauti leo, lakini kirekebishe.

Mimi mpangaji, mwenye nyumba hataki kutobolewa ukuta.

Pita chini pembeni ya ukuta kwa tranki za gundi, ama chini ya zulia na mkeka kwa kebo bapa. Kebo bapa ni ya umbali mfupi, na usiipitishe mahali mlango unabana. Dirisha la vioo vya kulaza pia ni njia.

Na vile vifaa vya kupitisha intaneti kwenye soketi za stima?

Vinafanya kazi nyumba nyengine, nyengine havifanyi. Soketi zote mbili zinatakiwa ziwe kwenye laini moja ya umeme, mita ya tokeni moja, na uvichomeke ukutani moja kwa moja, kwenye eksitensheni yenye kinga ya umeme vinanyamaza. Friji na feni zinaingiza kelele. Nunua tu kama duka litakubali kurudishiwa.

Nataka kufikisha nyumba ya pili kwenye kiwanja hicho hicho, mita kama 40.

Urefu hauna shida, radi ndo shida. Waya wa shaba kati ya majengo mawili wakati wa masika unaweza kukuchomea rauta, swichi na televisheni kwa mpigo mmoja, hata radi isipopiga kwako, ikipiga karibu inatosha. Kwa kati ya nyumba na nyumba tumia faiba iliyokwisha fungwa vichwa pamoja na vibadilishio viwili vya kugeuza faiba kuwa waya wa kawaida, kimoja kila upande. Kioo hakipitishi umeme. Gharama yake sio kubwa kama watu wanavodhani.

Kama hio nyumba ya pili ni ya wapangaji na unataka kuwauzia intaneti, hapo inabadilika. Kuuza intaneti Kenya kunataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mikataba mingi ya intaneti ya nyumbani inakataza. Usome wako.

Stima ikipotea?

Faiba kawaida haijapotea, vifaa vyako ndo vimezima. UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba, inasaidia, lakini kumbuka kila kitu njiani kinataka umeme, kisanduku cha faiba, rauta, swichi, na akses poindi ya chumbani. Soma volti na ampea nyuma ya kila kifaa kabla hujachomeka, nyingi ni volti 12 lakini swichi ndogo nyengine ni 5 ama 9 na ukikosea imeungua. Hapa PoE inapendeza, swichi moja ya PoE kwenye UPS moja inalisha akses poindi zote kupitia waya ule ule wa intaneti. Hakikisha tu vyote vinafuata kiwango cha PoE cha 802.3af ama at, sababu kuna vile vya volti 24 vinavyosukuma umeme bila kuuliza.

Fundi nimwambie nini?

Mwambie shaba tupu, na umwonyeshe kile kipande ulichokwarua. Kila chumba nyaya mbili badala ya moja, kazi ya kuvuta ni ile ile. Aache mita moja ya ziada iliyozungushwa kila mwisho, abandike jina la chumba kwenye ncha zote mbili, na kabla hujamlipa kaa na laptopu upime kila tundu mbele yake, gigabiti ama sio gigabiti.